Naam Niliyoiandika Ndiyo

Mpaka nilipofikisha miaka ishirini na miwili nilijua sayansi ni ile ya vichupa. Kitabu chetu cha darasa la nane kilikuwa na picha ya mtu mwenye koti jeupe ameinua kichupa cha maji ya buluu, na mwalimu alituambia tuwe na subira, vichupa vitaletwa. Havikuletwa. Darasa la kumi nililimaliza kwa taabu, kisha vita vikatukuta, mimi na bibi yangu tukakimbilia kisiwa cha Macaloe na ndoo moja na mkeka. Tuliporudi Quitunda, kijiji kipya tulichohamishiwa, nilikuwa mtu mzima asiye na kazi, mwenye sauti nzuri ya kusomea na ndoto nyingi kuliko sufuria za nyumbani.

Ndipo akaja dotora, msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Maputo, mwenye miwani na viatu vya kamba, amekuja kufanya utafiti juu yetu sisi tuliohamishwa kutoka vijiji vya Afungi kupisha uzio wa mradi wa gesi. Alitaka mtu wa kumtafsiria. Kireno changu ni cha shule na cha redio, kina mashimo mengi, lakini nacheka haraka na sioni haya kuuliza, akanichukua.

"Sayansi yangu mimi ni ya watu," aliniambia siku ya kwanza. "Nauliza, nasikiliza, naandika."

"Kwani dotora, kusikiliza nako kunasomewa?"

"Miaka minne. Na wengi wanafeli."

Nikarudi nyumbani nimeshajiona Maputo, nimebeba mkoba, napanda ngazi za chuo kikuu. Bibi alikuwa anachambua mchele mlangoni. Bibi huniita mke mwenzake, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Mke mwenzangu, umemeza nini leo? Unang'aa."

"Bibi, nitakuwa mwanasayansi wa watu."

"Watu gani?"

"Wewe mmojawapo."

"Basi anzia mgongoni, ndiko kunakouma."

Tulicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kesho yake asubuhi hofu ilianza, na haijaniacha mpaka leo ninapoandika.

Kwetu huwezi kumwuliza mtu jambo bila kredensiali, ile karatasi yenye muhuri inayosema wewe ni nani na umeruhusiwa kuuliza nini. Ya dotora ilikuwa ndani ya plastiki, na kwenye kizuizi cha kwanza askari aliisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma ambako hakukuandikwa kitu, akaisoma na huko. Kisha akaomba maswali yenyewe. Dotora akampa karatasi zote. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, natazama bunduki yake jinsi ilivyolegea begani, mkono wangu umeshika mlango kana kwamba ningeweza kwenda popote. Aliturudishia karatasi na kusema tupite. Tulipofika mbele kidogo dotora akanipa nizisome ili nizizoee, na hapo nikaona kwamba maswali matatu yamepigwa mstari mwekundu.

La kwanza lilikuwa: Ulipotia sahihi, nani mwingine alikuwepo? La pili: Kama ungekataa, unadhani ingekuwaje? La tatu lilikuwa fupi kabisa: Unaogopa?

Ni kama mtu amenisoma moyoni kisha akanifuta.

"Nani ameyakata?"

"Yalipokwenda kuombewa muhuri yalirudi hivyo. Pembeni wameandika: hayahusiki." Alikuwa anatazama barabara. "Nilikosomea mimi, haya ndiyo tunayoanza nayo. Hapa nikiyang'ang'ania sipati muhuri. Bila muhuri siingii Quitunda. Nisipoingia, hata haya yaliyobaki hakuna wa kuyauliza. Kwa hiyo nimekuja na yaliyobaki."

Nikamwuliza sasa faida yake nini. Akanieleza taratibu, na mimi nitaeleza nilivyoelewa. Nchi za Afrika zina mkataba wao mkubwa, na nchi yetu imetia sahihi. Mkataba unasema mtu haondolewi anapoishi wala kunyimwa anapotafuta riziki mpaka aulizwe, na akubali kwa hiari yake. Sasa wenye mkataba wangetuma mgeni kuja kuangalia kama neno hilo linafuatwa. Serikali haiwezi kumwambia mgeni kwa mdomo tu kwamba watu walikubali. Lazima kuwe na utafiti.

"Na utafiti ndio mimi," dotora akasema. "Mimi na wewe."

Alisema kama mzaha, lakini hakucheka.

Jambo lenyewe lilikuwa njia ya pwani. Quitunda nyumba ni za matofali na bati zuri, sisemi uongo, lakini bahari iko mbali. Wanawake wetu hawaendi na mashua. Wao husubiri bamvua, maji yakitoka sana na mwamba ukabaki wazi, wanashuka na vijiti na ndoo, wanaokota kombe na kuchokoa pweza mashimoni. Bibi yangu amefanya hivyo tangu hajaota matiti, maneno yake mwenyewe. Baada ya kuhamishwa ilibaki njia moja nyembamba kandokando ya uzio, na askari aliwaruhusu kupita siku za bamvua. Sasa ulikuja mpango wa kuifunga kwa ajili ya usalama, na kila nyumba ya mwanamke anayeokota ingepewa banda la kuku. Kwenye karatasi ya dotora hilo lilikuwa swali la kumi na tisa: je, umekubali kwa hiari kuacha njia ya pwani na kupokea mradi wa kuku?

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Pamoja nasi alikwenda shefe, yaani mkuu wa mtaa, kwa kuwa ndio utaratibu, mgeni haingii kwa mtu bila shefe. Ni mtu wa kwetu, nimemjua tangu utotoni. Alibeba kiti chake cha plastiki mwenyewe kutoka nyumba hadi nyumba, akakiweka karibu na mlango, akakaa. Kwenye nyumba zangu hakusema sana. Alichokuwa nacho ni kikohozi. Mtu akianza kueleza habari ya zamani, kaburi la mama yake lililobaki ndani ya uzio, minazi yake, shefe anakohoa, na habari inafupika yenyewe.

Dotora alikuwa na tableti yake na mimi yangu, tukagawana wenye nyumba, asubuhi zamu yangu, alasiri yake, na shefe akiwa na kila mmoja wetu. Kwenye kioo kila swali lina vitufe vitatu: Sim, yaani ndiyo, Não, yaani hapana, na cha tatu cha asiyejibu. Nilifika kwa bibi yangu siku ya pili. Nilimsalimu shikamoo kama mgeni, kwa sababu shefe alikuwepo, naye akaitika marahaba akiwa amebana kicheko. Nikamsomea. Swali la kumi na tisa ni refu, nilikuwa nalivunja vipandevipande ili lieleweke.

"Kuna njia hii ya kwenda pwani," nikasema.

"Naam."

"Kwa ajili ya usalama, njia itafungwa."

"Naam."

"Badala yake nyumba hii itajengewa banda, italetewa na kuku."

"Naam."

"Nanyi mmekubali kwa hiari yenu."

"Naam."

Nilikuwa nangoja, nadhani naye alikuwa anangoja. Shefe akakohoa, akasema, "Haya, tuendelee, jua linapanda." Kidole changu kikagusa Sim.

Msomaji wa mbali inabidi nimweleze. Kwetu mtu akisema na wewe maneno marefu, unaitikia kila anapovuta pumzi. Naam ni kumwambia nipo, nakusikia, endelea. Usipoitikia atakuuliza kama umelala, au kama umemnunia. Ni neno lililo kwenye kamusi kuwa ni ndiyo, na dukani ni ndiyo, lakini mtu akiwa anasimuliwa si ndiyo wala hapana. Ni adabu.

Nilijua hilo? Nimejiuliza sana. Mtoto wa miaka minne wa kwetu analijua. Lakini nilikuwa na tableti, nina fulana mpya ya utafiti, nina shefe mlangoni, na moyoni mwangu nina ngazi za chuo. Ndiyo ni jibu ambalo halimtii mtu yeyote mashakani. Nilitaka iwe ndiyo. Nyumba baada ya nyumba wanawake waliitika naam, nami nikaandika ndiyo, na mchana nikala shima na samaki kwa hamu kabisa.

Wiki ilipokwisha majibu yalitumwa kwa mtandao, kazi ikawa imemalizika. Siku mbili baadaye bamvua ilianza. Niliamka nikamkuta bibi amejifunga kapulana kuukuu, anatafuta kijiti chake nyuma ya pipa.

"Bibi, kuku wakija bado utakwenda pwani?"

"Kuku gani?"

"Si wale uliowakubali."

Akasimama wima, mkono kiunoni. "Nimekubali kuku lini? Kuku wa Quitunda wanakufa kideri kila mwaka, niwakubali nina wazimu?"

"Bibi, nilikuuliza ukasema naam."

"Nilikuitikia! Unasema na mimi, shefe amekaa, ulitaka nikutazame kimya kama nimemeza ulimi? Nilikuwa nangoja umalize uniulize."

"Nilimaliza."

"Hukuniuliza. Ulinieleza." Kisha akaniona uso. "We mtoto, umeandika nini?"

Nikakaa juu ya ndoo yake. Nilikuwa naona nyumba zile zote moja baada ya nyingine, wanawake wale wote, mama wa rafiki zangu, naam, naam, na kidole changu. Nilikuwa nimeifunga njia ya pwani kwa kidole changu. Bibi hakunigombeza. Aliniinua kwenye ndoo kwa sababu alikuwa anaihitaji, akasema, "Maji hayanisubiri. Nikirudi uwe umefikiri." Akaenda.

Nilikwenda mbio nyumba ya wageni aliyofikia dotora. Nilimkuta anafunga begi. Nilipomweleza, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Zote?"

"Za kwangu zote. Za kwako sijui, dotora. Wewe ulikuwa unatafsiriwa na nani?"

"Na shefe," akasema polepole.

Nje mtu alikuwa anaosha gari na redio imefunguliwa juu. Nikamwambia basi tuwaambie, tubadilishe. Akafunga mlango kwanza.

"Sikiliza. Matokeo yameshapelekwa. Mgeni wa mkataba anakuja keshokutwa, yatasomwa mbele yake. Nikisimama mimi nikasema utafiti wangu ni mbovu, sitapata tena kredensiali ya kuja huku, mimi wala mwenzangu yeyote. Watasema, mnaona, hawa wanasayansi wanatumiwa. Nami ninakwenda Maputo, nina ndege. Wewe unabaki. Unaelewa? Unabaki hapa, na jina lako liko kwenye orodha ya wakusanyaji." Sauti yake ilikatika. "Usiseme kitu. Nakuomba kwa ajili yako."

Nilimwona kwamba ameogopa kuliko mimi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu aliyesomea kusikiliza miaka minne ananiambia ninyamaze, na ana haki. Kwetu watu walishawahi kuitwa mahali kujibu swali moja na ikachukua muda mrefu kurudi. Siku zile mbili sikula vizuri. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, nakimbilia nyuma ya nyumba. Bibi alileta pweza, akamkausha, hakuniuliza nimefikiri nini.

Kikao kilikuwa asubuhi, kwenye banda kubwa la shule. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa na chupa za maji, amekaa mkubwa kutoka ofisi ya serikali, mtu wa kusini asiyejua Kiswahili, na pembeni yake mgeni wa mkataba, mzee mrefu wa nchi nyingine ya Afrika asiyejua Kiswahili wala Kireno. Dotora alikaa nyuma ya mgeni amnong'oneze Kifaransa. Shefe wa mtaa na kiti chake walikuwa ubavuni. Mimi nilisimama katikati, niwageuzie watu Kireno cha mkubwa. Wanawake walijaa chini kwenye mikeka, bibi safu ya tatu.

Mkubwa akaanza kusoma. Alikuwa na adabu, alisoma taratibu, anasimama kila sentensi anisubiri.

"Serikali yenu inawashukuru kwa kujibu maswali," nikageuza.

"Naam," banda zima.

"Utafiti wa kisayansi umefanyika, kwa kufuata mkataba wa nchi za Afrika."

"Naam."

"Utafiti umeonyesha kuwa wanawake wa hapa wamekubali kwa hiari kuacha njia ya pwani."

"Naam."

Nikamwona mgeni. Alikuwa mtu mwenye uso mwema. Kila naam ilipotoka alitikisa kichwa akaandika. Alikuwa anaandika adabu yetu kwenye daftari lake, na daftari lingepanda ndege, likasomwe kwenye meza za wakubwa wa Afrika. Na wanawake nao walikuwa wananitazama mimi, si mkubwa, kwa sababu mimi ndiye mtoto wao niliyekuwa nasema, na wanangoja nimalize ili waulizwe. Nilijua hakuna atakayewauliza.

Sikupanga. Naapa. Mkubwa alikuwa amesoma sentensi nyingine ya kuku. Nikafungua mdomo nikasikia sauti yangu inasema, kwa Kiswahili safi:

"Na mmekubali kuhamishiwa mwezini, ninyi na kuku wenu."

"Naam," banda zima.

Mgeni akaandika.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Wapi?" Mwingine, "Mwezini, kasema." "Mwezini kwa nani?" Na bibi yangu, kwa sauti ile ya kuita watu mwambani, "Huko mwezini kombe ziko?" Banda likapasuka. Walicheka wakaegemeana, mmoja akajifunika kapulana usoni, mwingine anasema mimi siendi na mume wangu huko, nakwenda na kuku peke yao.

Mimi sikucheka. Mkubwa alikuwa ameinua macho kwenye karatasi.

"Wanacheka nini?" akauliza kwa Kireno. Akamgeukia shefe. "Amewaambia nini?"

Shefe wa mtaa akanitazama. Kwa kitambo kile niliona maisha yangu yako kwenye koo lake. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema amekutukana. Nilimwona anakusanya kikohozi, kikafika, akakimeza. Mke wake alikuwa pale kwenye mikeka, na yeye ni mwokotaji.

"Amewaambia wamekubali kuhamia mwezini, mkubwa," akasema. "Nao wameitika."

"Wamesema ndiyo?"

"Wameitika," shefe akarudia. Hakuwa na neno la Kireno la kuitika. Nami sina, mpaka leo.

Ikabidi niseme mimi. Nilisema kwa Kireno kibovu, vitenzi vimenikimbia. Nilisema kosa ni langu. Nilisema naam ni ya kusikia, mimi niliiandika kuwa ya kukubali, na hawa watu bado hawajaulizwa. Nilipomaliza nikamtazama dotora. Naye alikuwa ananitazama, mdomo wazi kidogo, na mgeni amemwinamia anangoja. Dotora angeweza kumnong'oneza chochote, hakuna pale ambaye angejua. Akanong'ona kwa muda mrefu, mrefu kuliko maneno yangu. Mgeni akaacha kuandika. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaweka kofia ya kalamu, akasema maneno machache, na dotora akayaleta kwa Kireno: anaomba swali hilo liulizwe upya kabla hajaondoka, kama mkubwa anaona sawa.

Mkubwa akasema anaona sawa. Hakuwa na la kusema jingine mbele ya mgeni. Kisha akaniambia mimi, kwa upole, nifike ofisini kesho saa mbili asubuhi.

Kwenye benchi la ofisi nilikaa tangu saa moja. Bibi alitaka kuja nikamkataza. Nilikuwa nimevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu nilisikia wanaokaa ndani hulala kwenye baridi. Ningecheka kama angekuwa mtu mwingine. Nilipoitwa, mkubwa hakunikaribisha kiti. Alikuwa na karatasi tupu mbele yake.

"Andika," akasema. "Naam maana yake nini. Utie sahihi."

Nilishika kalamu, nikawaza karatasi hii ndiyo itakayonifunga. Nikaandika kwa Kireno: mtu akisema naam, anasema ninakusikia. Nikatia sahihi. Akasoma.

"Sasa mtu wa huku akiwa amekubali kweli, anasemaje?"

"Anauliza, mkubwa."

"Anauliza nini?"

"Anauliza lini, wangapi, nani atalisha. Akiuliza sana ndio amekubali. Akiitika tu, bado."

Sikujua kama amekasirika au ameelewa, na sidhani alitaka nijue. Aliiweka karatasi kwenye faili, akaniambia niende, na kwamba kazi ya kukusanya majibu nisiifanye tena. Nikatoka. Nilitembea mpaka nyuma ya duka la mkate, nikatapika, ndipo nikaenda nyumbani.

Swali likarudiwa siku iliyofuata. Dotora aliuliza mwenyewe, maneno ya Kiswahili ameandikiwa kwenye karatasi, matamshi yake yanachekesha watoto. Lilifupishwa: umekubali au umekataa, sema kwa maneno yako. Shefe alikuja na kiti chake, kwa kuwa utaratibu haukubadilika. Lakini safari hii tableti ilikuwa na kisanduku kipya ambacho mwanzo hakikuwepo. Kilitaka namba ya nyumba, ile iliyopakwa rangi juu ya mlango. Nilipokiona nilielewa mara moja. Naam zile za uongo hazikuwa na mlango. Hapana ya kweli itakuwa nao.

Mimi nilikaa nyuma ya bibi, kwenye mkeka, kama mjukuu tu. Nilimnong'oneza, "Bibi, wanachukua namba. Unaweza kunyamaza. Kuna kitufe cha asiyejibu." Nilikuwa nataka anyamaze. Ni mimi niliyezua yote, na sasa nilikuwa namwomba Mungu bibi yangu ameze maneno.

Dotora akaanza, "Kuna njia hii ya kwenda pwani."

Nikaona bibi anajifunika mdomo na kiganja kuizuia naam isitoke. Mabega yake yalitikisika, sijui kwa kicheko au kwa nini. Dotora akaendelea mpaka mwisho, naye bibi amebana kimya, mpaka machozi yanamlengalenga kwa kukosa adabu namna ile mbele ya mgeni. Kisha akashusha mkono.

"Nimekataa," akasema. "Njia siiachi. Kuku siwataki."

Shefe hakukohoa. Dotora akagusa Não. Akauliza namba, bibi akaitaja kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeishika kapulana yake kwa nyuma kama nilivyokuwa naishika nikiwa mtoto.

Bibi akainama mbele, akaitazama tableti asiyoweza kuisoma.

"Umeiandika sawasawa hiyo namba?" akamwuliza dotora. "Iangalie tena. Wasije wakaipeleka hapana yangu kwa jirani."